Bua la Sikio la Kulia

Nani alilichomoa bua katika sikio langu la kulia? Nimefundisha biolojia kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninaweza kueleza ubaoni jinsi kidonda kinavyojifunga tabaka kwa tabaka, lakini swali hilo la nyumbani kwetu Nkololo sijapata kulijibu. Watu waliokuwa na uwezo wa kulijibu ni watatu. Bibi amekwisha kufa. Mama yu hai, ila hasemi. Wa tatu ni mimi mwenyewe, nami sikumbuki.

Bibi, mama yake baba, alizaliwa upande wa Kimali, ambako majirani zao Wataturu walitanua masikio mpaka ndewe zikaning'inia karibu na bega. Yeye hakuwa Mtaturu, lakini alikua akiyatamani masikio hayo, akayapata, na alipoolewa Nkololo alikuja nayo. Nakumbuka ndewe zake zilivyotikisika alipotwanga. Akienda safari alizikunja na kuzitundika juu ya sikio, kama mtu anavyokunja mkono wa shati kabla ya kazi.

Alinitoga nikiwa na umri wa miaka sita hivi, asubuhi, ng'ombe wakiwa wamekwisha kutoka zizini. Alitumia mwiba wa mgunga, akapitisha uzi uliopakwa samli. Mavuno yalipofika alichukua bua la mtama, akalimenya, akakata kipande chenye urefu wa ukucha na kukitia mahali pa uzi. Bua kavu hunywa unyevu wa mwili na kuvimba lenyewe, taratibu, na kwa sababu hiyo hakutaka kusikia habari za kijiti cha mti. Sikio likinyamaza, maana hilo ndilo neno alilotumia, alitoa kipande kile na kutia kinene zaidi. Lisiponyamaza, alisubiri.

Mama alikuwa amebatizwa muda mfupi kabla ya hapo. Kanisani mwinjilisti alisema kwamba mwili ni hekalu, na hekalu halitobolewi kuta. Mama hakubishana na mkwe wake. Katika nyumba ile mke wa mtoto hakubishana na mtu. Kila nilipoitwa kubadilishiwa bua, yeye aliinamia chungu chake.

Asubuhi moja niliamka nikakuta bua la kulia halimo. La kushoto lilikuwa mahali pake. Bibi alikung'uta ngozi niliyolalia, akakung'uta na shuka, akapapasa sakafu ya udongo kwa viganja, mama akiwa amesimama mlangoni na ndoo. Hakupata kitu. Hakupaza sauti. Alisema, "Bua halina miguu," kisha akamtazama mama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Hakutia jingine. Kwake yeye, sikio lililoguswa na mkono wa pili halifuatwi tena. Tundu la kulia likajifunga. La kushoto liliendelea kutanuliwa mpaka baba alipopata kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Maswa, tukahama. Tangu asubuhi ile hadi bibi alipozikwa, hata tulipokwenda kumtembelea, yeye na mama hawakula tena katika sahani moja, na mimi nilikuwa mtoto niliyekaa katikati ya sahani mbili. Naamini hapo ndipo nilipojifunza kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao.

Nimeishi na sikio moja pana na sikio moja zima. Katika la kushoto kalamu hupita bila kugusa kingo. Chuoni nililifunika kwa nywele. Kazini, kwa kilemba. Wanafunzi waligundua hata hivyo, kwa kuwa wanafunzi hugundua kila kitu isipokuwa kilichoandikwa ubaoni, na wakaniita Mwalimu Kufuli, kwa jinsi ndewe ile ilivyofanana na pete ya kufuli. Daktari mmoja alinieleza kwamba tundu kama lile hushonwa kwa muda mfupi tu, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nilimshukuru, nikasema nitafikiri. Nikafikiri, nikafanya kinyume chake.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilikwenda kwenye saloni moja hapa Bariadi. Binti aliyekuwa pale alikuwa na vizibo vyeusi masikioni mwake, kila kimoja na upana wa kifungo cha koti. Alilishika sikio langu la kushoto kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine.

"Mama, hili nani alikufanyia?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa fundi. Kuna watu mjini wanahangaika miaka kulipata hivi."

"Nataka la kulia lifanane nalo."

"Na shuleni watakuruhusu?"

"Nitavaa kilemba."

"Kwa hiyo unatoboa ili ufiche?" Alicheka kidogo, akaenda kunawa mikono.

Maelekezo yake yalikuwa mazuri. Tundu dogo kwanza, lipone kabisa. Kisha kizibo cha plastiki chembamba, baadaye kinachofuata, bila kuruka. Kuosha mara mbili kwa siku kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, robo ya kijiko cha chai kwa kikombe. "Usilikimbize, mama," alisema. "Sikio linajua siku yake."

Mama anaishi nami tangu baba alipofariki. Jioni ile aliniona nikimenya vitunguu kichwa kikiwa kimeinamia upande mmoja.

"Umeumwa na nini? Siafu?"

"Nimetoga."

Alisubiri mpaka vitunguu vikaingia kwenye mafuta. "Umesoma, umesoma," alisema, "mpaka umerudi ulikotoka."

Nyumbani kwangu kuna maji ya aina mbili, na kila atakayeyasoma haya akiwa Bariadi atanielewa. Kuna ya kisima, ambayo sabuni haitoi povu ndani yake na ambayo huacha ukoko mweupe kwenye birika. Hayo ni ya kufulia, kuogea na kudekia. Halafu kuna ya tangi, yaliyokingwa mvua ilipokuwepo. Kiangazi kikianza mimi huweka sheria: maji ya tangi ni ya kunywa na ya chai tu, na anayetaka kunawa anajua kisima kilipo. Sheria hiyo inamhusu kila mtu, mgeni na mwenyeji, na mama pia. Kwa hiyo nilichemsha maji ya kisima, nikatia chumvi kama nilivyoelekezwa, nikajaza chupa na kuiweka dirishani chumbani kwangu.

Tundu dogo lilipona kwa shida, ila lilipona. Mwezi wa Agosti nilitia kizibo cha kwanza, na baada ya muda ambao sasa najua haukutosha, cha pili. Sikio likawa jekundu. Likatoa majimaji ya manjano yaliyokauka kwenye mto wa kulalia. Na siku hizohizo niliona kwamba chupa yangu, ambayo huiweka lebo yake ikielekea chumbani, ilikuwa imeelekea ukutani.

Mtu mwingine angesema upepo. Mimi nilichukua kalamu ya wino nikachora mstari mahali maji yalipofikia. Baada ya siku mbili maji yalikuwa juu ya mstari.

Maji yakipungua mtu hutafuta tundu. Yakiongezeka hutafuta mkono, na katika nyumba yetu kulikuwa na mikono ya watu wawili tu. Nikaanza kukumbuka mambo. Mama alikuwa amekwenda Nkololo kwenye msiba majuma machache nyuma, akarudi na kitu kimefungwa kwenye pindo la khanga, na nilipouliza ni nini akasema, "Vyangu." Nikakumbuka alivyoitazama chupa yangu nilipoijaza mara ya kwanza, na jinsi alivyotaka kusema neno akalimeza. Nikakumbuka ndoo mlangoni, miaka arobaini iliyopita.

Sikuyaonja maji yale. Mtu huonja anachokiamini. Niliyamwaga, nikatengeneza mengine, na chupa nikaifungia kabatini kwa ufunguo. Hapa lazima niseme ukweli ambao daftari langu linausema vizuri kuliko mimi. Kwa kuwa ni mwalimu, nilikuwa nikiandika kila siku hali ya sikio. Siku zile chupa ilipokuwa dirishani, ikiguswa na mkono nisioujua, niliandika: wekundu umepungua, maumivu kidogo. Siku nilizoifungia kabatini niliandika: limevimba, limepasuka ukingoni, linawaka nikiosha. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeona kilichobadilika. Mimi nilikaa na ushahidi huo mbele yangu, nikahitimisha kwamba dawa aliyonitilia mama ni ya kienyeji, nayo hudhuru polepole.

Nilimpigia simu ndugu yangu. Yeye alizaliwa Maswa, baada ya habari ya bua, na bado anaishi hukohuko.

"Njoo umchukue mama akae kwako."

"Amefanya nini?"

"Anaingiza mkono kwenye dawa yangu ya sikio."

"Dada, wewe ndiye msomi wetu. Unamhamisha mama kwa ajili ya tundu?"

"Si tundu tu."

"Ni lile la zamani."

"Njoo Jumamosi asubuhi."

"Nitakuja. Ila nitamwambia nakuja kumtembelea. Hayo mengine utamwambia mwenyewe, maana mimi sina sikio linaloniuma."

Nilijua ninachokifanya. Mama ana zaidi ya miaka sabini. Kwa ndugu yangu kuna watoto wengi na chumba kimoja cha ziada ambacho ni stoo. Akiondoka kwangu kwa tuhuma, hatarudi. Bibi naye hakurudi kwenye sahani. Hata hivyo sikuibatilisha simu ile.

Ijumaa nilitoka shuleni mapema. Mama alikuwa kwa jirani. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na begi lake limesimama karibu na kitanda, limefungwa zipu. Juu yake palikuwa na kile kifurushi cha khanga. Nilikifungua. Sitajitetea: nilikifungua kwa haraka, kama mwizi. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya bua la mtama, vimemenywa, vimelainishwa ncha, kimoja chembamba, cha pili kinene kidogo, cha tatu kinene zaidi. Na kopo dogo la samli.

"Umemaliza kupekua, au nikupishe?"

Alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakuwa na ndoo.

"Hivi ni nini, mama?"

"Mwalimu wa biolojia hajui bua."

"Vya nini?"

"Vya sikio lako. Nilitaka kuviacha mezani kesho nikiondoka. Mdogo wako alipiga simu, akasema anakuja kunitembelea, akaniuliza nina mizigo mingapi."

Nilitamani kucheka, na nilitamani kulia. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba kwa mwezi mzima. "Ulikuwa unatia nini kwenye chupa yangu?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Lete hiyo uliyoifungia."

Niliileta. Yeye alikwenda jikoni akarudi na vikombe viwili, akavipanga juu ya stuli: kimoja cha kisima, kimoja cha tangi. Akaniambia nionje vyote, cha kisima kwanza. Nilionja. Ladha yake ninaijua tangu nilipohamia hapa, ile chumvichumvi inayobaki nyuma ya ulimi. Kisha akaionyesha chupa yangu kwa kidevu. Nilipopiga funda dogo midomo iliniwasha, nikatema dirishani.

"Haya maji yana chumvi yake tangu ardhini," alisema. "Ukiyachemsha, mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Halafu wewe ukaongeza nyingine. Sikio lako ni kitoweo?"

Binti wa saloni alikuwa ametaja maji safi, na mimi niliyesomea mambo hayo, ambaye kila asubuhi nakwangua ukoko kwenye birika, nilisikia neno "yaliyochemshwa" nikatosheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyeweka sheria ya tangi. Ningekwambia nimechota kikombe cha tangi cha kuoshea sikio, ungenisomea sheria. Basi nilikuwa namwaga nusu ya chupa, naongeza ya tangi. Siku nyingine mkono ulizidi." Alikaa kitandani, kando ya begi lake. "Tena mtu wa chuo kikuu haambiwi na mama yake. Huambiwa na mtoto wa saloni."

Ningepaswa kuishia hapo, na kumwomba radhi. Lakini macho yangu yalikuwa yamerudi kwenye vile vipande vitatu. Vilikuwa vimemenywa kwa ustadi, bila uzi hata mmoja uliochomoza, na ncha zake zilikuwa zimeviringwa kama za bibi.

"Nani alikufundisha kumenya bua hivi?"

"Nilikuwa natazama."

"Ulikuwa umeinamia chungu."

"Chungu hakina macho. Mimi ninayo."

"Mama, la kulia alilitoa nani?"

Alivirudisha vile vipande kwenye khanga, kimoja kimoja, akafunga fundo. "Ulikuwa mtoto wa kujikuna," alisema.

"Na bua lilikwenda wapi? Bibi hakuliona kokote."

"Bua kavu huungua haraka," alisema, kana kwamba anazungumzia mabua yote ya duniani, akainuka kwenda kutazama maharage jikoni.

Nilibaki na begi. Nilijaribu kuyafikiri mambo kama ninavyowataka wanafunzi wayafikiri. Kama ndiye aliyelitoa, basi alinitendea jambo katika usingizi wangu, kwa siri, akaliacha lizae chuki ya miaka mingi. Na huenda alifanya hivyo kwa kuamini kwamba ananiokoa. Kama siye, basi ameadhibiwa mara mbili, na bibi na mimi. Inawezekana pia kwamba mkono ulikuwa wangu: kwamba nililichomoa mwenyewe kwa sababu linawasha, nikalitupa jikoni, nikaamka asubuhi nimesahau, na watu wazima wawili wakagombana juu ya kitu kilichofanywa na mtoto. Yote matatu yalikuwa na uzito sawa. Kilichokuwa na uzito tofauti ni daftari langu. Humo mlikuwa na siku ambazo mama aligusa chupa na siku ambazo hakugusa, na sikio lenyewe lilikuwa limekwisha kutoa ushahidi.

Kabla ya chakula nilimpigia ndugu yangu.

"Haendi."

"Nimeshajaza mafuta, dada."

"Basi njoo ule, urudi peke yako."

"Mmepatana?"

"Sijui kama tumepatana. Atalitibu sikio yeye."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilikwenda jikoni nikamwambia mama kwamba kesho asubuhi nataka alioshe yeye, kwa maji ya tangi, na kwamba kizibo kile cha plastiki nakitoa. Sitasema kwamba uamuzi huo ulitokana na imani. Nilitaka mkono wake uwe mahali ninapouona. Mama hakugeuka. Alisema tu nichemshe kipande chembamba na kukianika juu ya jiko kikauke, kama hofu yangu ni uchafu, akaongeza chumvi kwenye maharage, akayaonja, akaongeza tena.

Asubuhi niliamka nikamkuta amekwisha kuweka vigoda viwili nyuma ya jiko, upande jua linakopanda.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka. Kaa."

Alikuwa na kikombe cha maji ya tangi, yaliyochemshwa na kupoa, na kitambaa cheupe. Mimi nilikuwa na kioo kidogo cha mkononi. Nilikishika juu ya bega ili nione vidole vyake. Aliweka kidole gumba nyuma ya ndewe, akakizungusha kizibo nusu mzunguko kwanza, kisha akakivuta. Sikuhisi maumivu. Kilitoka kama kitu ambacho mkono ule umewahi kukitoa.

"Shusha hicho kioo," alisema. "Kinanipiga jua machoni."

Nilikaa nacho kidogo juu. Kisha nikakishusha, nikakilaza magotini, uso wake chini.

Aliosha kwa utaratibu, mbele na nyuma, akapangusa. Akapaka samli kwenye ncha ya bua, akalitia. Lilikuwa jembamba kuliko tundu lenyewe. Lilikaa ndani bila kubana.

"Likinyamaza tutaongeza," alisema. "Lisiponyamaza tutasubiri."

Alinipa kizibo cha plastiki nikakitupe. Nilikwenda nacho mpaka kwenye shimo la takataka, na yeye alisimama na kikombe chake akinitazama mkono, mpaka alipokiona kimeanguka.